Baba hasikii, ila ndo aliyenifundisha kuangalia jiji

Baba yangu aliacha kusikia akiwa na miaka 61, baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Alilazwa wiki tatu, akarudi nyumbani miguu mizima, mikono mizima, akili yote ipo, ila masikio yamezima kabisa kulia na kushoto, tukajaribu na vile vifaa vya kuvaa sikioni havikusaidia. Sauti yake ipo, kwaiyo mpaka leo mazungumzo yetu ni hivi, yeye anaongea mimi naandika kwenye daftari, na daftari likiisha nanunua lingine.

Kilichokuwa kinaniuma zaidi ni jioni sebuleni. Baba alikuwa mtu wa tivii sana, na baada ya kuumwa aliendelea kuja kukaa na sisi kama kawaida, ila nikaja kugundua haangalii tivii, anatuangalia sisi, anasubiri tucheke ili na yeye acheke. Siku nilipoliona hilo sikulala vizuri. Mimi kazi yangu ni kuediti vidio za harusi na sherehe, yaani picha na sauti ndo ugali wangu, alafu baba yangu mzazi yuko pembeni hana kitu cha kuangalia. Nikaanza kutafuta filamu za zamani zile zisizo na sauti, nikitaka kitu ambacho mimi na yeye tukikaa mbele yake tuwe sawa, hakuna anayemtafsiria mwenzake.

Tulianza na za kuchekesha, akacheka, sawa. Ila usiku mmoja nikakutana na filamu ya mwaka 1906, dakika 13 hivi, kamera imefungwa mbele ya tramu inayovutwa kwa kebo chini ya barabara, inashuka mtaa wa Market kule San Francisco mpaka kwenye jengo la feri lenye mnara wa saa. Basi, hiyo tu. Hakuna hadithi. Mikokoteni ya farasi inakatiza, wanaume wenye kofia wanavuka mbele ya tramu bila wasiwasi wowote, vijana wanakimbia, magari yanajipenyeza upande huu yanatokea upande ule. Mimi nilidhani baba atachoka baada ya dakika mbili. Akasogeza kiti mbele.

Kama dakika ya tatu au ya nne akasema kwa ile sauti yake kubwa, maana hawezi kuisikia, "Hilo gari limeshapita." Nikaandika, lipi? Akanionyesha kwa kidole kwenye kioo. Nikarudisha nyuma, kweli bwana, gari lilelile lilishapita dakika chache nyuma, na tulivyoendelea likapita tena, na tena. Baadaye nikasoma kwamba watafiti nao walishaliona hilo, kuna magari yalikuwa yanaizunguka ile kamera makusudi ili mtaa uonekane umejaa magari. Baba hakusoma popote. Aliangalia tu.

Nilipokaa nikafikiria nikaona tofauti yetu iko wapi. Mimi macho yangu yanaenda katikati ya picha, kwa sababu miaka yote nimezoea kufuata anayeongea, sauti inaniambia huyu ndo muhimu, mwangalie huyu. Baba hana wa kumwambia. Anaanzia pembeni, anapita picha nzima kama mtu anayekagua chumba alichopanga kukihamia.

Kuna jambo la ile filamu nililiandika kwenye daftari kesho yake, nikampa asome. Zamani watu walidhani ilipigwa mwaka 1905, mpaka mtafiti mmoja, David Kiehn, alipoangalia madimbwi ya maji barabarani akayalinganisha na taarifa za hali ya hewa kwenye magazeti ya wakati ule, akaangalia na namba za magari zilisajiliwa lini, akafikia kwamba ilipigwa Aprili 1906, siku chache tu kabla ya tetemeko la ardhi la tarehe 18 na moto uliofuata ulioiteketeza sehemu kubwa ya jiji. Mkanda wenyewe ulishapandishwa kwenye treni kwenda New York, ndo maana haukuungua. Baba alisoma, akakaa kimya, akasema "Rudisha." Tukaiangalia upya. Safari hii hakuhangaika na magari. Kuna kijana anakimbia mbele ya tramu huku anageuka kututazama, baba akanishika mkono nisimamishe picha hapohapo. "Na huyu alikuwepo," akasema. Sikuwa na la kuandika.

Basi ikawa ndo mchezo wetu wa jioni. Nikajifunza kwamba hizi dokumentari za maisha ya jiji zina ukoo wake mkubwa, hasa miaka ya 1920, watu walikuwa wanaziita simfoni za jiji, yaani kama ule muziki mkubwa wa okestra, japo nyingine hazitaki hata piano. Paul Strand na Charles Sheeler na filamu yao fupi ya New York ya mwaka 1921, inaanza na feri inashusha watu wengi mpaka unajiuliza wote walikaa wapi. Alberto Cavalcanti, Mbrazili, na Paris yake ya 1926. Walter Ruttmann na Berlin, 1927. Adalberto Kemeny na Rudolf Rex Lustig na São Paulo, 1929. Sikuzipenda zote sawa. Ile ya New York ni nzuri sana kwa macho lakini watu ni wadogo mno, wanaonekana kama punje chini ya majengo, na baba alisema hivyohivyo, "Huyu anapenda nyumba."

Jambo moja la kiufundi niliseme hapa haraka maana linawakimbiza watu wengi. Kamera za mwanzo zilikuwa zinazungushwa kwa mkono, kama picha 16 kwa sekunde, nyingine 18, inategemea na mpigaji. Ukizicheza kwenye mashine ya picha 24 kwa sekunde kila mtu anatembea kama anakimbizwa. Kopi ya kwanza niliyomwekea baba ya filamu moja ilikuwa hivyo, akaniuliza kwa kumaanisha kabisa, "Walikuwa na haraka hivi?" Nikatafuta kopi iliyorekebishwa mwendo. Akaangalia kidogo akapumua, akasema kumbe wanatembea kama sisi. Kwaiyo ukiona mtu anasema filamu za zamani zinachekesha zenyewe, mara nyingi amezionea kwenye mwendo usio wake.

Kilichonigusa mimi kama mtu wa kazi ni suala la watu kuangalia kamera. Kwenye harusi mimi huwa nawakata wote wanaoangalia kamera, ndo nilivyofundishwa, inaonekana si ya asili. Alafu nikakutana na mikanda ya Mitchell na Kenyon, watengeneza filamu wawili wa Blackburn kule Uingereza. Mwanzoni mwa karne iliyopita walikuwa wanapeleka kamera kwenye mageti ya viwanda watu wanatoka kazini, kwenye mitaa, kwenye michezo, alafu filamu zinaonyeshwa kwenye maonyesho ya burudani na watu wanalipa kuingia kujiona wenyewe. Biashara yao ilitegemea sura, ukikusanya sura nyingi unauza tiketi nyingi. Mikanda zaidi ya 800 ilikaa imesahaulika mpaka mwaka 1994 ilipokutwa kwenye mapipa ya chuma chini ya duka. Ukiiangalia sasa, wanawake wa viwandani wenye shali, watoto wanaofanya kazi, wazee, wote wanapita karibu kabisa na wanakuangalia usoni, mwingine anavua kofia, mwingine anakimbia kuzunguka nyuma ya kamera ili apite tena. Nikamwandikia baba kwamba mimi hao huwa nawatoa. Akashangaa. "Unawatoa? Hao ndo wanatuona."

Tulibishana pia. Kwenye ile ya Berlin kuna mwanamke anajitupa mtoni kutoka darajani, na kabla ya hapo tunaonyeshwa macho yake kwa karibu, yametoka. Baba alikasirika kweli, akasema hii ni uongo. Nikaandika umejuaje, akasema, "Kamera ilimsubiri wapi? Ilijuaje?" Na ni kweli lile tukio liliigizwa, wakati sehemu kubwa ya ile filamu walipiga watu bila wao kujua, kamera zimefichwa. Mimi nikamtetea mwongozaji, nikamwandikia kwamba hata moja ya zile za mwanzo kabisa, ya ndugu Auguste na Louis Lumière wa Ufaransa, wafanyakazi wanatoka kiwandani Lyon mwaka 1895, ipo ya aina tatu, moja ina farasi mmoja, moja farasi wawili, moja haina farasi, maana yake watu walitolewa pale getini zaidi ya mara moja. Baba akasema kutoka getini mara tatu si sawa na kufa. Nimelifikiria sana hilo na sasa nakubaliana naye. Kumwomba mtu arudie kupita ni jambo moja, kumtengenezea mtu kifo ili jiji lionekane na drama ni jambo lingine, na macho yanajua.

Sasa nifike kwa Dziga Vertov, mwongozaji wa Kisovieti, maana hapo ndo nyumba yetu ilibadilika. Filamu yake ya mwaka 1929 kuhusu mpiga picha anayezunguka na kamera haina hata moja ya yale maandishi yanayowekwa katikati ya picha kuelezea hadithi, haina mwigizaji, ilipigwa Odessa, Kyiv, Kharkiv na Moscow ikaunganishwa ionekane jiji moja, siku moja. Kamera alishika ndugu yake Mikhail Kaufman, uhariri alifanya mke wake Elizaveta Svilova. Nilimwekea baba usiku wa Jumapili. Mapema filamu inaenda kasi, mitaa, tramu, watu kwenye magari ya farasi, alafu ghafla farasi anasimama hewani. Picha imeganda. Inaganda na sura ya mwanamke, mtaa umeganda, sura ya mtoto imeganda. Alafu unaona ile sura ya mtoto ni kipande kwenye mkanda, kuna matundu pembeni, na mkanda uko mkononi mwa mwanamke aliyekaa mezani. Ndo Svilova mwenyewe. Nyuma yake kuna rafu, mikanda imekunjwa imepangwa. Anachukua, anainua kwenye mwanga, anakata kwa mkasi, anaunganisha, na yule mtoto aliyeganda anaanza kucheka.

Baba akanigeukia. "Hii ndo kazi yako?"

Nikatikisa kichwa ndiyo. Niwaambie ukweli, miaka tisa nafanya hii kazi na baba alikuwa hajawahi kuielewa, alijua nakaa na kompyuta mpaka saa nane usiku basi, na siku za nyuma alishaniambia mara nyingi nitafute kazi inayoeleweka. Tukarudia pale kwa yule mama na mkasi labda mara tano. Aliuliza maswali mpaka nikajaza kurasa nne za daftari, anajuaje akate wapi, vipande vinavyobaki vinaenda wapi, kama akikosea anafanyaje. Tulilala karibu saa nane, mimi na mzee, na haikuwa kwa sababu ya kazi.

Baada ya hapo nikaamua nijaribu. Nikachukua kamera na stendi nikaenda mjini siku moja nzima, tangu alfajiri mpaka taa zinawashwa, kituo cha mabasi, daraja la waenda kwa miguu, mafundi, wapakia mizigo. Nikarudi na klipu nyingi, nikaediti kwa siku mbili nikitumia ngoma moja yenye mdundo mkali, kila mdundo nakata, dakika sita zimetoka safi mpaka mimi mwenyewe nikasisimka. Nikamwita baba. Akaangalia mpaka mwisho kwa heshima, alafu akasema taratibu, "Mbona kila mtu unamkatisha?"

Sikumwelewa mpaka nilipozima spika nikaiangalia kama anavyoiona yeye. Ilikuwa vurugu. Mtu anainua mguu, nimekata. Mama anafungua mwavuli, nimekata haujafunguka. Sababu ya kila mkato ilikuwa kwenye ngoma, na ngoma ukiitoa hakuna sababu. Tangu hapo nikawa narudi kwa wale wa zamani nikiwa nimezima sauti makusudi, maana kopi nyingi siku hizi zimewekewa muziki. Ruttmann alikuwa na mtunzi wake, Edmund Meisel, lakini zima kila kitu uone, mwanzo wa Berlin bado unakuvuta, reli, nyaya za simu zinapanda na kushuka, mabehewa, kasi inaongezeka mpaka treni inaingia stesheni, alafu mtaa mtupu alfajiri, karatasi inapeperushwa na upepo peke yake. Ile karatasi wameiacha itembee. Na Vertov ana shoti, yaani vipande vya picha kati ya mkato na mkato, zaidi ya 1,700 kwenye dakika kama 68, yaani nyingi hazifiki sekunde tatu, ila ukiangalia vizuri mkono unaomaliza kitendo hapa unapokelewa na gurudumu linaloanza pale, kwaiyo macho hayaanguki. Kasi haikuwa tatizo langu. Tatizo langu nilikuwa siangalii kilichomo ndani ya klipu, nilikuwa nasikiliza.

Kosa la pili lilikuwa kutaka kumaliza siku moja. Joris Ivens na Mannus Franken wana filamu ya dakika 12 ya mvua Amsterdam, mwaka 1929, unaona mawingu, matone ya kwanza kwenye maji, miavuli, vioo vya tramu, mpaka jua linarudi, unasema hii mvua moja. Kumbe ni mvua nyingi za miezi kadhaa. Ivens aliweka mpaka marafiki wa kumpigia simu mvua ikianza upande wao wa jiji. Nikaacha haraka. Nikawa naenda kila Jumamosi, sehemu moja tu, nakaa hapohapo masaa mawili matatu mpaka watu wananizoea.

Kuna dada mmoja alinifuata akaniomba nimtoe, hakutaka kuonekana yuko pale, nikamfutia mbele ya macho yake. Nilimkumbuka yule mwanamke kwa Vertov, yuko ofisi ya kuandikisha talaka, anajificha uso kwa mkoba, na wao wakamwacha kwenye filamu, karibu miaka mia sasa bado anajificha. Naipenda sana ile filamu, ila pale mimi ningemtoa.

Toleo la tatu nilimwonyesha baba mwezi uliopita, halina muziki kabisa. Safari hii hakusema kitu muda mrefu, akaomba nimfundishe kurudisha nyuma mwenyewe, akashika mausi akarudi mpaka sehemu ya fundi viatu. Pale kuna jamaa ameleta kiatu kimoja kishonwe, anasubiri amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine wenye soksi ameukanyagisha kwenye kipande cha boksi. Nilikuwa nimeweka sekunde nne, watu waone mguu, basi.

"Mwache avae kiatu chake," baba akasema.

Nikafungua klipu yenyewe, nikairudisha yote. Sekunde 52. Jamaa ameshika nguzo, anayumba kidogo, anarudi. Fundi anavuta uzi mpaka mkono unafika juu ya kichwa, anavuta tena, anafunga fundo, anaukata kwa meno, anagonga kisigino mara mbili, anampa. Yule jamaa anainama, anavaa, anafunga kamba, anakanyaga chini mara moja kujaribu, mara ya pili, alafu anainua uso na kuangalia kamera.